Mtani Alipokataa Kuku

Mimi msiba haunikalishi. Wenzangu wakiingia kwenye nyumba ya kilio hutafuta pembe ya mkeka, wakakunja miguu, wakatulia mpaka jioni. Mimi nikikaa kidogo tu magoti yanawasha. Nitainuka kwenda kutazama kama maji yanatosha, nitarudi, nitainuka tena kutazama kuni. Mama alizoea kunisema: "Wewe hata siku ukifa utainuka kuangalia kama sanda imekaa sawa." Kwa hiyo siku aliyofariki baba, watu waliponiona natoka na kuingia, natoka na kuingia, hawakushangaa. Walisogeza miguu nipite.

Nafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari, Lindi mjini. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na kidato cha tano tukisoma tanzia moja ya kale, ambamo mtawala anauawa na watu waliokuwa rafiki zake, kisha wasemaji wawili wanasimama juu ya maiti yake, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anatoa hoja na watu wanamkubali. Wa pili anaomba tu nafasi ya kumlilia marehemu, anapewa, na akishamaliza kulia mji mzima umegeuka. Somo hilo nalipenda kupita kiasi. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba hotuba ya yule wa kwanza haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kumwachia mwenzake aseme baada yake. Niliyasema hayo kwa kujiamini sana, chaki mkononi, kama mtu ambaye hajawahi kuona maiti ya kwao ikigombewa.

Simu ilikuja kabla ya alfajiri. Nilipanda gari la kwanza kwenda Kiswere, nikamalizia kwa bodaboda kutoka barabara kuu, na jua lilipoanza kuuma nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kwao ni Nyangamara, bara huko kwenye mikorosho, na alikuja Kiswere akiwa kijana kushona sare za shule kwa msimu mmoja. Akamuona mama. Msimu ukawa umri mzima. Cherehani yake ilikaa barazani tangu sijazaliwa, na mimi nimekua nikisikia maneno yake mawili kwa wateja: "Njoo kesho." Hakuwa mwongo. Alikuwa na huruma nyingi na mikono miwili tu, kwa hiyo kila aliyeleta kitambaa aliambiwa ndiyo, na kila aliyekuja kuchukua nguo aliambiwa kesho. Watu walimtania kwa hilo na yeye mwenyewe alicheka. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi, na tepu ya kupimia haikutoka shingoni hata wakati wa kula.

Nilipoingia ndani nilimkuta mama amekaa chini, amejifunika kanga mpaka machoni. Nilimkumbatia tukalia. Nilidhani analia msiba, na ni kweli alikuwa analia msiba, lakini kulikuwa na jambo jingine juu yake. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amepiga simu kutoka Nyangamara. Alisema: "Msizike. Tupo njiani, tunakuja kumchukua."

"Wakimpeleka huko," mama aliniambia, "mimi ndiyo basi tena. Miguu hii unaiona. Nyangamara nimefika mara ngapi tangu niolewe? Nitakaa hapa na cherehani."

Makaburi ya Kiswere yako nyuma ya msikiti, na msikiti uko ng'ambo ya njia tu. Ukifungua dirisha la chumba cha mama unayaona.

"Usiwaache wamchukue," akasema. "Wewe si mwalimu wa maneno? Tafuta maneno."

Nikatoka nje kuyatafuta. Nilizunguka nyumba. Nilipanga sentensi ya kwanza nikaiacha, nikapanga nyingine. Mimi ni mtoto pekee, sina kaka wa kunisemea, na uwanjani chini ya turubai walikuwa wanaume watupu. Mtoto wa kike hasimami mbele ya wazee, jeneza lipo, akaanza kubishana na baba yake mkubwa. Angeweza kusimama, naam, hakuna sheria inayomzuia, lakini kabla hajafika kwenye hoja ya pili watu wangekuwa wanajadili malezi yake. Nilijua hivyo na nilikasirika kwa kujua. Nilirudi jikoni nikamgombeza mtu kwa sababu ya sufuria ambayo haikuwa na kosa lolote.

Niliporudi ndani mama alikuwa amenyamaza. Akasema, "Niitie mtani."

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: ukoo wa baba una watani, na utani huo ni wa mababu, hauombwi wala haukataliwi. Mtani akifa unakwenda kumzika na kumcheka. Utaiga mwendo wa marehemu, utavaa kofia yake, utamtukana kwa ubahili wake mbele ya watoto wake, na hakuna wa kukukasirikia. Na kabla jeneza halijatoka uani mtani hulizuia. Hulishika, au hulala mbele yake, mpaka apewe chochote, kuku au kanga au noti. Akishapokea ndipo njia inafunguka. Wageni huona ni wazimu. Sisi tunaona msiba usio na mtani ni msiba wa mtu asiye na watu.

Mtani wa baba pale Kiswere alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Pande, anayekaanga samaki karibu na soko. Alikuwa na sauti ya kuitia watu toka mbali, na baba alipokuwa hai walikuwa hawapitani bila kutukanana. Nilimkuta amejiinamia nyuma ya nyumba, macho mekundu. Akaingia kwa mama, mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Alinipita, akaenda barazani, akasimama mbele ya cherehani.

Gari la Nyangamara lilifika maiti ikiwa imeshaoshwa na kukafiniwa. Ilikuwa Hiace, imejaa, na nyuma ya viti kuku mwekundu amefungwa miguu. Nilipomuona yule kuku nikajua tumewahiwa. Baba mkubwa alikuwa amefikiria kila kitu. Alijua kuwa kuna watani, alijua watazuia, na amekuja na kuku wao kabisa ili pasiwe na kuchelewa. Ndivyo alivyo yeye. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na mtu akishatuliza wakulima siku bei imeshuka, hakuna mkutano unaomtisha.

Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa sauti iliyokatika. Alinishika kichwa. Alikuwa amelia njia nzima, inaonekana. Ningependa kusema alikuja kwa kiburi, ingenirahisishia, lakini hapana.

Baada ya jeneza kuwekwa uwanjani, akaomba kusema. Sisi wanawake tulikuwa mlangoni na madirishani, mimi nimejibana kwenye fremu ya mlango, mama nyuma yangu nyuma ya pazia.

Alianza kwa salamu, akamshukuru Mungu, akawashukuru watu wa Kiswere. "Mmetulelea ndugu yetu," alisema. "Alikuja hapa na mkasi na begi. Mkampa kazi, mkampa mke, mkampa heshima. Sisi wa Nyangamara hatuna cha kuwalipa." Kisha akaeleza. Walizaliwa wawili tu, yeye na marehemu, kwa mama mmoja. Mama yao alipokaribia kufa aliwaita, na walipomzika walisimama pale pale kaburini wakaagana kwamba kila mmoja atakapotwaliwa atalazwa miguuni pa mama. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema, "na ndugu yangu hakuwa mtumwa. Alikuwa msafiri. Msafiri akimaliza safari hurudishwa kwao." Alisema taratibu, hakupaza sauti. Hakumtaja mama yangu vibaya. Alisema watamtunza, watamletea kila msimu chakula cha shambani. Kila alipofikia kituo, wazee walitikisa kichwa kukubali. Mmoja akasema, "Kweli hiyo."

Hata mimi nilitikisa kichwa, Mungu anisamehe. Ni ile hali ya mwalimu kusikia sentensi iliyonyooka.

Kisha akafanya jambo la kiungwana. "Penye wazee haliharibiki neno," alisema. "Mimi ni mgeni hapa. Kama kuna mwenye neno dhidi ya haya, aseme. Mkisema hapana, mimi nitatii." Imamu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatazama jua kwa wasiwasi, akakohoa tu. Vijana wakaanza kukunja mikono ya kanzu kwenda kulibeba jeneza. Mama alinibana mkono kwa nyuma, kucha zikaingia. Nilifungua mdomo. Ile sentensi yangu ya kwanza sikuiona tena.

"Haya, watani," baba mkubwa akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Nanyi fanyeni yenu, tuondoke."

Mtani akatokea barazani. Alikuwa amevaa kofia ya baba, miwani ya baba yenye uzi, tepu shingoni. Midomo ameibana kama mtu aliyeshikilia pini. Mkono mmoja kiunoni, mgongo umepinda upande wa kushoto, akatembea ule mwendo wa baba wa kutoka kwenye cherehani baada ya kukaa sana. Kilikuwa kitu cha kutisha. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema "Lahaula!" Kisha kicheko kikapasuka, uwanja mzima.

"Nani kaniita?" akasema kwa puani, kama baba. "Nani kaniita, na mimi nina suruali za watu?"

Akaenda kwenye jeneza, akalinyooshea tepu, akapima urefu, akatikisa kichwa. Akampima kijana mmoja kiuno bila ruhusa. Baba mkubwa naye alicheka, akaashiria, kuku akaletwa. Mtani akampokea, akamnyanyua bawa, akampima kifua. "Gauni la huyu," akasema, "njoo kesho." Watu walikuwa wanajifuta machozi ya kucheka. Halafu akainama, akamweka kuku miguuni pa baba mkubwa, akarudi nyuma mikono mitupu.

Kicheko kilipungua kama moto ulionyunyiziwa maji. Kuku amekataliwa. Sikuwahi kuona jambo hilo, na nadhani wengi pale hawakuwahi.

"Mtani," akasema baba mkubwa, "kuku mdogo?"

"Kuku mkubwa, mtani wangu. Amenona. Nimeuliza tu, nasikia huyu aliahidi kurudi kwao?"

"Aliahidi."

"Huyu?" Akaligeukia jeneza. "Huyu fundi?" Akawageukia watu. "Enyi watu wa Kiswere, nani hapa hajawahi kuahidiwa na huyu? Wewe, kanzu yako ya Idi ulipewa lini?"

"Idi mosi imeshapita!" mtu akajibu.

"Na wewe?"

"Mimi siku ya Maulidi!"

"Mimi ya mwaka jana bado iko humo ndani!" akadakia mwingine, na uwanja ukalipuka tena.

"Basi," akasema mtani, "mtu aliyeahidi suruali ya Idi akaitoa Maulidi, leo ndiyo mnamshika kwa ahadi? Mwacheni. Mwambieni mama yake amesema njoo kesho."

Watu walicheka, na kicheko hicho nilikisikia kikifanya kazi. Ile ahadi, ambayo muda mfupi tu uliopita ilikuwa imesimama uwanjani kama nguzo, ilikuwa imegeuka suruali. Baba mkubwa alitaka kusema, akanyanyua mkono, lakini utamjibuje mtani? Ukimjibu kwa hasira umevunja utani. Ukimjibu kwa mzaha umekubali mchezo. Alishusha mkono.

Hapo mtani akaivua miwani. Sauti ikawa yake mwenyewe, tena ya chini, na ilibidi watu watege masikio.

"Wewe baba, kwenu wapi?"

"Newala," mzee mmoja akasema.

"Ulipoondoka ulimwambia mama yako utarudi?"

"Nilimwambia."

"Na wewe?"

Huyo hakujibu. Alikuwa ametoka Pande, kijana, siku nyingi, na mama yake alizikwa bila yeye. Kila mtu alikuwa anajua.

"Hakuna mtoto aliyeondoka kwao asimwambie mama yake atarudi," mtani akasema. "Mama anaambiwa hivyo ili alale. Siyo uongo. Lakini siyo wasia."

Akatembea mpaka mlangoni. Nilimpisha. Alikuwa ananuka moshi wa samaki. Akaivua tepu shingoni, akashika ncha moja, ncha nyingine akairusha ndani, chini ya pazia.

"Kutoka mlango huu mpaka kule," akaonyesha msikitini, "tepu hii nitaikunjua na kuikunja, na kabla sijatoka jasho nimefika. Kutoka mlango huu mpaka Nyangamara, jamani, mnayo tepu gani?"

Tepu ikakaza. Wote tuliona. Chini ya pazia ulitokea mkono wa mama, wenye mikunjo, umeshika ile ncha, haukuvuta wala haukuachia. Uso hakuna, sauti hakuna, mkono tu. Mwanamume mmoja pale mbele akaanza kulia kwa sauti, na huyo alipoanza wengine hawakusubiri. Mimi nililia hadi nikakaa chini, mimi nisiyekaa.

"Shehe," akasema mtani bila kugeuka, "maiti huharakishwa au huzungushwa?"

"Huharakishwa," imamu akasema.

"Basi mimi nimemaliza."

Nani aliyesema kwanza "Azikwe hapa!" sijui. Zilikuwa sauti nyingi. Watu walikuwa wamesimama, wengine wameshaenda kuchukua majembe, na wale wazee waliosema "kweli hiyo" ndio walikuwa mbele. Nilimtazama baba mkubwa. Kuku alikuwa bado miguuni pake. Alikuwa na haki ya kusema hapana, jeneza ni la ndugu yake, lakini alikuwa ameshasema atatii, na yeye ni mtu wa kushika neno. Kisha akaenda mwenyewe, akashika jeneza pembe ya mbele, akaliweka begani. Walimsalia na kumzika nyuma ya msikiti kabla ya alasiri.

Nilirudi Lindi baada ya matanga nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilikuwa nimemshuhudia mtu asiye na jukwaa akifanya yale yote ninayoandika ubaoni. Niliingia darasani na moto. Niliwaeleza wanafunzi kuhusu vitu: kwamba msemaji mzuri huleta kitu watu wakakiona kwa macho, na kitu hicho hakijibiwi kwa hoja. Walipenda. Wote walikuwa upande wa msemaji wa pili, hata wale wa nyuma wanaolala. Kisha, katikati ya sentensi, nikawauliza kitu ambacho hakikuwa kwenye maandalizi yangu.

"Lakini kati ya hawa wawili, nani alisema kweli?"

Wakatazamana. Msichana mmoja wa mbele, mwenye akili za haraka, akasema, "Madam, kwenye mtihani hawaulizi hivyo."

Darasa likacheka. Nikacheka nao, ila swali lile halikutoka kichwani. Nilisahihisha madaftari nikawa nasoma mstari mmoja mara tatu. Nilizima taa nikaiwasha. Ijumaa nilipotoka kazini sikurudi hata nyumbani kuchukua nguo, nikaenda moja kwa moja Kiswere.

Mama alikuwa kwenye eda, nguo nyeupe, haruhusiwi kutoka wala kuonana na wanaume wasio maharimu wake. Amekonda lakini amekaa vizuri. Mkeka wake ulikuwa chini ya dirisha. Kaburi lilionekana, udongo bado mwekundu.

Nilizunguka zunguka chumbani, nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa. "Kaa," akasema. Nikakaa. Nikamuuliza kama mtani alilipanga lile la tepu, au lilitokea tu.

"Tulilipanga," mama akasema. "Ningejuaje kuwa atarusha tepu? Aliniambia, shika, usivute."

"Na ahadi? Baba aliwahi kusema anataka azikwe wapi?"

Alitazama nje.

"Baba yako alitaka kwao. Kila alipougua aliniambia. Tena aliniapisha."

Nilivuta nguo moja iliyokunjwa, nikaifungua, nikaikunja upya.

"Mtani nilimwambia yote," akaendelea. "Sikumficha. Nikamwambia mume wangu anataka kwao na mimi nataka abaki. Alilia. Halafu akasema, wewe nyamaza, usije ukasema uongo juu ya maiti. Hili siyo la mfiwa, ni la mtani. Mtani hashitakiwi."

"Mama!"

"Mama nini? Yeye amepumzika. Popote angepumzika. Mimi ndiye bado nipo." Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Asubuhi nafungua dirisha namsalimia. Nimemwomba radhi. Nitazidi kumwomba. Lakini ukiniambia leo nimrudishe, simrudishi."

Nilimkasirikia mama yangu siku ile kwa namna ambayo sikujua naweza. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na jambo baya zaidi: nilikuwa upande wake. Nilikaa macho nikimfikiria baba, aliyewaahidi watu wote na jambo moja tu katika maisha yake akaomba yeye ndiye atimiziwe. Nilimfikiria pia baba mkubwa kule Nyangamara, anavyopita kwenye kaburi la mama yao na pale miguuni pamebaki wazi.

Alikuja kwenye hitima ya arobaini. Sikutegemea. Alikuja na kiroba cha korosho na mkungu wa ndizi, kama alivyoahidi, na baada ya kisomo aliniomba nimpeleke kaburini. Alikaa huko kitambo, akaomba dua, akang'oa majani mawili matatu. Tuliporudi akakaa barazani karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Amezeeka. Shavu lilikuwa limeingia ndani. Nyuma yetu mlango ulikuwa wazi na pazia limeteremshwa, na nilijua mama yupo hapo hapo, ng'ambo yake.

"Mwanangu," akasema, "sipati usingizi. Nikilala namuona mama yetu ananiuliza mdogo wako yuko wapi. Nimewasikia watu wa Kiswere, na nilitii, lakini moyo haujatulia. Wewe ndiyo kazi yako haya. Niambie, nilikosea wapi?"

Jibu la ubaoni nilikuwa nalo. Ulimwachia mwenzako aseme baada yako. Na jibu jingine nilikuwa nalo, lile la dirishani, na nilikuwa najua kuwa nikilitoa, mzee huyu hataondoka Kiswere bila kuomba kaburi lifukuliwe, na nisipolitoa atarudi kwenda kuulizwa na mama yake kila akifumba macho. Niliinuka. Nikakaa. Nilishika ukingo wa baraza ili nisiinuke tena.

Pazia likatikisika.

"Hukukosea, shemeji," mama akasema kutoka ndani.

Baba mkubwa aliinamisha uso, kwa adabu, asitazame upande wa mlango.

"Ulisema kweli tupu," sauti ikaendelea, nayo ilikuwa inakwama. "Ndugu yako alitaka kwao. Aliniambia kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyemzuia."

Limekwisha, nikasema moyoni, lije linalokuja. Mzee alizungusha tasbihi vidoleni. Halafu akavua kofia, akajifuta macho nayo.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Mungu akulipe kheri."

Kisha akaniinamia mimi, akanong'ona, na uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Umemsikia mama yako? Yuko radhi ajitwishe lawama yote yeye, ili mimi mzee nipate usingizi. Mwanamke wa namna hii, ndugu yangu angemwachaje? Wallahi sasa ndiyo nimeamini. Yule hakutaka kuondoka hapa."

Nilifungua mdomo. Ndani mama alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na baba mkubwa akaniashiria kwa mkono nimwache apumue. Akaomba maji ya kunawa, maana sinia la pilau lilikuwa limeshafika.